Kofia na Miwani ya Dereva wa Kipara

Wiki ile niliyokabidhi funguo za gari na kustaafu, Vumilia wa karakana aliniuliza kama ni kweli shamba letu liliwahi kuwa na gari lisilo na kioo cha mbele, wala paa, wala milango, na kwamba aliyeliendesha ni mimi. Nikamwambia ni kweli. Akacheka, akasema siku zote alidhani ni hadithi za wazee za wakati wa chai. Ndipo nikaona niandike, maana tuliolijua gari lile tunapungua, na ninyi madereva wa sasa mnaopandisha vioo kwa kubonyeza kidude mnapaswa kujua wenzenu walikuwa wanavaa nini usoni.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Naitwa Skolastika Mlowe. Nilizaliwa jirani na misheni upande wa Njombe, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na viazi. Pale misheni palikuwa na sista mmoja aliyeendesha trekta, na kwa kuwa nilikuwa nikimsaidia kupakia magunia, alinifundisha gia na breki bila mtu kumtuma. Nilipomaliza shule niliajiriwa kwenye shamba la miti, hapa katikati ya Njombe na Makambako. Nilianzia kitaluni: kujaza udongo kwenye viriba, kumwagilia miche, kung'oa magugu, kesho yake kurudia. Mkuu wetu alikuwa Mama Agnesi, Mlutheri wa Kidugala, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuvuka bonde. Tulimwogopa wote, na tulipougua yeye ndiye aliyekuja na uji.

Kipara kilikuwa lori. Mti uliangukia kichwa chake wakati wa kukata magogo, bahati nzuri dereva akiwa chini anakunywa maji. Karakana wakakata mabati yaliyopondeka, wakabakiza injini, usukani, kiti kirefu cha mbele na bodi ya nyuma. Halikuruhusiwa kuingia barabara kuu. Kazi yake ilikuwa ndani ya shamba, kubeba miche, mapipa ya maji na magogo membamba. Jina lilikuja lenyewe.

Aliyekuwa akiliendesha ni mzee Tweve, Mkinga wa Makete, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Meneja akaja kitaluni asubuhi moja kuuliza kama kuna anayejua kuendesha. Nikanyoosha mkono. Wenzangu wakacheka.

"Mnacheka nini?" Mama Agnesi akauliza. "Nani mwingine hapa anajua gia?"

Hivyo nikawa dereva.

Siku ya kwanza nilifika karakana nimevaa gauni la kazi, sweta, na kitambaa cha kitenge nimekifunga kichwani vizuri kabisa. Ulikuwa mwezi wa saba, na majani yalikuwa meupe kwa jalidi. Mzee Tweve alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria, kichwa chote kimefunikwa, miwani mikubwa usoni. Alinitazama kama fundi anavyotazama ubao uliopinda.

"Kamwene, binti. Hicho kilemba unakipeleka harusini?"

"Kamwene, mzee. Nakipeleka kazini."

"Haya. Washa twende."

Hakunipa ushauri wowote. Nikawasha, tukashuka kuelekea bondeni, nami nikaongeza mwendo kidogo ili aone kwamba najua. Upepo ule wa baridi ulinikamata macho yakaanza kutoa machozi kama ya msiba. Kitambaa kikaanza kulegea, kikaruka, kikanasa kwenye tawi la mti. Nikawa naendesha kwa kukisia. Halafu mdudu mgumu, sijui mbawakavu au nini, akanipiga chini ya jicho, nikakanyaga breki na lori likazimika katikati ya njia.

Mzee Tweve alingoja mpaka nilipomaliza kujifuta.

"Umeona nini njiani?" akauliza.

"Sijaona kitu, mzee."

"Hilo ndilo somo la kwanza. Limekwisha. Kachukue kitambaa chako."

Nilimchukia kwa muda mfupi. Tuliporudi karakana akavua vifaa vyake kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza, akaniambia niguse kila kimoja. Ndani kabisa ilikuwa kofia ya sufu ya kushuka mpaka shingoni, yenye tundu la macho na pua tu. Juu yake helmeti ya pikipiki ambayo ameikata kwa msumeno wa chuma sehemu za masikio. Nilimuuliza kwa nini ameiharibu.

"Mti ukianza kukatika unalia kabla ya kuanguka," akasema. "Ukiziba masikio utausikia ukiwa umeshafika."

Kisha miwani. Ilikuwa miwani ya kuchomelea, ile ya duara mbili, lakini ametoa vioo vyeusi. Hakuweka kioo cha dirisha, maana jiwe likikigonga vipande vinaingia palepale ulipotaka kupakinga. Alikata plastiki ngumu kutoka kwenye helmeti mbovu. Pembeni ameshona sponji na kuizungushia ngozi laini ili vumbi lisipenye. Mkanda ulikuwa wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu mpira wa dukani hulegea kwa jasho na ule wa tyubu haulegei. Chini ya kila duara ametoboa matundu kwa msumari wa moto. Chini, si juu, kwa sababu ya mvua.

"Na ukungu je?" nikamuuliza. "Nikipumua si itajaa ukungu?"

Akatoa mfukoni kiazi kibichi, akakikata kwa kisu, akasugua upande wa ndani wa plastiki, akaacha kidogo, akafuta kwa kitambaa kikavu. "Njombe unaweza kukosa vyote," akasema, "ila kiazi hukosi."

Alinipima uso kwa uzi kama fundi wa nguo. Alilalamika kwamba uso wangu ni mwembamba na pua haishiki kitu, kwa hiyo itabidi aongeze sponji ndani. Ilimchukua siku kadhaa. Aliponivalisha, alivuta mkanda, akanipulizia vumbi la randa usoni kwa ghafla bila kuniambia. Sikufumba macho. Akaridhika, nami nikaridhika, ingawa vumbi lile nililitema mpaka mchana.

Osmundi ndiye aliyenipa jina. Alikuwa dereva wa lori zima, lenye kichwa na kioo, aliyepeleka mbao Makambako. Tulisali parokia moja na tulizoeana. Aliponiona asubuhi ya kwanza na vifaa kamili, alisimamisha lori lake makusudi.

"Dada Skola, unakwenda kuogelea mto gani?"

Siku iliyofuata nikawa "mama rubani," na huo urubani ukanishika mpaka leo. Kuna wafanyakazi waliostaafu bila kulijua jina langu halisi.

Nyumbani nako kulikuwa na kesi. Miwani ile ilikuwa inaacha alama mbili za duara kuzunguka macho. Jumapili ya kwanza mama yangu aliponiona alishika mdomo. "Nani amekupiga?" Nikamweleza. Hakuamini mpaka nilipomletea miwani yenyewe nikaivaa mbele yake. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Afadhali ungekuwa umepigwa, tungemwita mtu tukasema naye." Mama hakuwahi kuizoea kazi yangu, lakini ndiye aliyenifumia kofia ya sufu iliyonidumia miaka, ya rangi ya kijani, na masikioni aliacha nyuzi wazi kama mzee Tweve alivyoagiza.

Kila msimu ulikuwa na adui wake. Kiangazi ni vumbi jekundu, ambalo halionekani likiingia ila unalitafuna jioni. Masika, tone la mvua ukilikuta kwa mwendo linauma kama changarawe, na plastiki hutelezesha maji vizuri ukiipaka sabuni kidogo kwa nje. Miti ya paina ikitoa unga wake wa njano, usifute kwa mkono mkavu, utachubua plastiki na hutaona tena. Mwagia maji kwanza. Na wakati wa baridi, usivae miwani uliyoiacha nje usiku kucha. Ilaze jikoni, mbali na moto lakini isiwe mbali sana.

Nyuki nitamtaja peke yake. Aliingia kwa tundu la chini nilipokuwa nateremka na mapipa ya maji yaliyojaa. Namwona anatembea mbele ya jicho langu, mkubwa kama kuku. Mikono ilitaka kupanda usoni. Nilikumbuka mzee Tweve alivyonikaririsha: simama kwanza, vua baadaye. Nikashuka gia, nikakanyaga breki taratibu, nikafunga breki ya mkono, ndipo nikavua. Aliniuma kwenye nyusi hata hivyo. Lakini mapipa yalibaki juu ya bodi na mimi nikabaki juu ya kiti, na uvimbe wa nyusi unapona. Ninyi vijana, hilo linahusu hata simu. Dereva akishtuka hukumbuka uso akasahau usukani.

Sasa niandike habari ya moto, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara na kila mtu anaisimulia kwa namna yake.

Ilikuwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, upepo mkali tangu asubuhi. Mama Agnesi alikuwa ameshuka na kinamama wa kitalu kwenye bonde la mbali, kuandaa mashimo ya kupandia. Mchana moshi ukaonekana kilimani, nje ya mpaka wetu, mtu alikuwa anasafisha shamba lake. Tulikuwa tunauangalia tu. Kisha upepo ukageuka, na moto ukaruka barabara ya kukinga moto kama vile hapakuwa na barabara. Muda mfupi baadaye bonde lote lilikuwa halionekani.

Lori la Osmundi lilikuwa Makambako. Gari dogo la ofisi lilikuwa limefunguliwa gia karakana. Meneja alisimama akitazama bonde, rangi imemtoka.

"Skola," akasema, "njia ya kule chini siwezi kukuamuru uende."

"Hujaniamuru, bwana meneja."

Sikuwa jasiri. Nilichokuwa nakiwaza ni wale kinamama, kwamba wote nawajua kwa majina na kwa vyakula walivyobeba. Nilipokaa kwenye kiti nikasikia upande wa pili kiti kikizama. Mzee Tweve, na helmeti yake, na miwani yake, na ule mgongo.

"Shuka mzee, utaumia."

"Njia ina mtaro pande zote mbili," akasema. "Macho mawili hayatoshi. Wewe tazama kulia, mimi kushoto. Nikisema simama, simama."

Tukalowesha blanketi kwenye pipa, tukajifunika mabegani, na vitambaa vibichi puani. Tukaingia.

Moshi wa paina si kama moshi wa jikoni. Una mafuta, unashika. Kwa kawaida mtu hawezi kufungua macho ndani yake hata akitaka, macho yenyewe yanakataa. Sisi, kwa miwani ile, tulikuwa tumefungua. Tulikuwa tunaona hatua chache mbele ya lori, kijivu tupu, na mara moja moja shina la mti. Cheche zilikuwa zinagonga helmeti kama punje za mahindi kwenye kikaango. Mzee alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza kuegesha gari: "Kidogo kulia kwako. Inatosha. Nyoosha. Nyoosha."

Nikawa napiga honi. Mwisho nikasikia sauti ya Mama Agnesi, ile ya kuvuka bonde, lakini imekwaruza. Walikuwa wameingia kwenye kijito, wamejifunika kanga usoni, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake. Hakuna aliyekuwa anaona. Mama Agnesi alisimama mbele macho yamefumba, mikono ameinyoosha.

"Nani huyo?"

"Skola, mama."

"Unaona wewe?"

"Naona, mama. Njoo mbele. Tena. Hapo, shika bodi."

Tukawapandisha kwa kuwashika mikono, mmoja baada ya mwingine, huku mzee akiwafunika kwa blanketi bichi. Kugeuza lori ndiko kulikotaka kuniua. Ilibidi nirudi nyuma na mbele mara nyingi kwenye nafasi ndogo, na joto na jasho vikaijaza miwani yangu ukungu. Kiazi cha asubuhi kilikuwa kimekwisha nguvu. Nikiivua, nakuwa kipofu kama wengine. Nikaingiza kidole gumba chini ya duara la kulia ili hewa ipite. Ukungu ukapungua, na moshi ukaingia, na jicho lile likajifunga lenyewe. Nikabaki na la kushoto.

"Mzee, la kulia limekwenda."

"Basi tazama mbele tu. Pande zote niachie mimi."

Akainuka, akasimama na mgongo wake ule, ameshika chuma cha kiti, akigeuza kichwa huku na huku. "Kulia kidogo. Kidogo tena. Sasa acha, usiguse. Acha hivyohivyo." Sijui tulikwenda kwa muda gani. Najua tu kwamba kijivu kilianza kuwa cheupe, kisha nikaona mchanga mwekundu wa barabara kubwa ya shamba, na watu wanakimbia kuja.

Kinamama wakashuka wakakaa chini wakikohoa. Mama Agnesi, macho bado yamefumba na machozi yanamtiririka, akaanza kuita majina. Kila jina likaitikiwa. Alipofika kwa Tulia, binti aliyekuwa mgeni kitaluni, hakuna aliyejibu. Akaita tena. Nikageuka kutazama moshi, na mzee Tweve naye akageuka, na nadhani sote wawili tulishaanza kufikiri kurudi.

"Huyu hapa," mtu akasema. Tulia alikuwa ameketi nyuma ya gurudumu, sauti imekauka kwa moshi, amenyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

Mama Agnesi akaja akipapasa mpaka alipofika kwenye kiti. Akanivua helmeti, akanivua miwani kwa mikono yake, akanifuta uso kwa kanga iliyokuwa chafu kuliko uso wenyewe. Ndipo nikaanza kulia, na nilipoulizwa nikasema ni moshi.

Sehemu kubwa ya bonde iliungua, ikapandwa upya. Miti mnayoivuna sasa upande ule ndiyo hiyo. Mzee Tweve alilala chali nyumbani kwake wiki nzima kwa ajili ya mgongo, akilalamika kwamba nilichelewa kushuka gia kwenye kona ya pili.

Osmundi aliporudi kutoka Makambako na kusikia, hakutania. Siku chache baadaye alikuja karakana na helmeti mkononi.

"Mzee, nipime na mimi."

"Gari lako lina kioo," mzee Tweve akamwambia.

"Kioo kinavunjika."

Mzee akachukua uzi. Alipomaliza kumpima alisema Osmundi ana kichwa kikubwa kuliko alichotarajia kwa mtu wa akili zile, na wote wawili wakacheka, na huo ukawa mwisho wa utani wa kuogelea.

Kioo kilichovunjika kwanza hakikuwa cha Osmundi, kilikuwa changu. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Land Rover ya ofisi, yenye paa na kila kitu. Nilitumwa Lupingu, chini kabisa ziwani, pamoja na Bwana Haule wa mauzo, kuzungumza na watu waliotaka mbao za kutengenezea maboti. Kwenye mteremko wa Ludewa jiwe likaruka kutoka gurudumu la lori la mbele yetu, likapiga kioo, kikawa chenga tupu mapajani mwetu. Tulijikung'uta. Hatukuumia.

"Tunarudi?" Bwana Haule akauliza.

"Kurudi ni mbali kama kwenda," nikamwambia. "Nina vifaa nyuma."

Nilikuwa na seti moja tu. Nikamvalisha yeye helmeti, ambayo nilikuwa nimeifungia plastiki ya mbele, mimi nikachukua kofia ya sufu na miwani. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai. Tulikwenda vizuri mpaka tulipokaribia ziwa, na pale mbele yetu tukaona kama moshi umesimama juu ya maji, unasogea nchi kavu. Walikuwa kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani ambao watu wa huko huwala, kama wingu. Bwana Haule alikuwa ameinua plastiki yake ili apate hewa ya ziwa.

Tulipofika ufukweni alikuwa mweusi kuanzia kwenye nyusi mpaka kwenye tai. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alitutazama, akaweka ungo wake chini.

"Karibuni, wageni. Sisi kungu tunawakinga kwa ungo," akasema. "Ninyi mmewakinga kwa uso."

Bwana Haule alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa akatema kungu, akazidi kucheka. Yule mama alituletea maji ya kunawa, kisha akatupa samaki. Mbao tuliuza. Mpaka alipohama shamba, Bwana Haule alikuwa haingii garini mwangu bila kuuliza, "Helmeti ipo?"

Kipara kilikufa kwa uzee, kikauzwa kama chuma chakavu. Sikwenda kukiangalia kikiondoka, nilikuwa na safari. Magari mapya yakaja, nami nikapewa kazi ya kufundisha madereva wapya. Wengi wenu mmepita mikononi mwangu, na mnakumbuka nilivyowapandisha kwenye trekta la wazi bila miwani, polepole, uwanjani tu, kisha nikawauliza mmeona nini. Mlinichukia. Najua hali hiyo.

Mzee Tweve alistaafu zamani, akaenda kukaa kwa binti yake Kitandililo. Nilikuwa namtembelea kila nilipopita Makambako. Mwaka huu wa mwisho wa kazi yangu nilimkuta ameketi barazani. Akanikaribisha, akachukua chupa kunimiminia chai mwenyewe kama desturi yake, na chai ikamwagikia mezani, pembeni ya kikombe. Akaendelea kumimina. Nikaisogeza ile chupa taratibu.

"Mzee, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

Akafuta meza kwa kiganja. "Mimi macho yangu nimeyatunza," akasema. "Hakuna kijiti kilichowahi kuyagusa. Hakuna hata kimoja."

Iliniuma sana. Ni mtoto wa jicho. Uzee umemletea kutoka ndani, mahali ambapo miwani haikingi. Nikamweleza kwamba kuna upasuaji, watu wanapona, jirani yangu amefanyiwa. Akakataa. Miaka yote hiyo amekwepa vijiti, sasa akalale mtu amchome kwa hiari yake? Binti yake alisema ameshamsihi mpaka amechoka.

"Sawa mzee," nikasema. "Nitakuwa nakuja kukumiminia chai."

Tukanywa. Akapapasa meza, akaweka kikombe chini.

"Huyo daktari ni kijana?"

"Ni mama mtu mzima. Ana wajukuu."

"Mkono hautetemeki?"

"Utamuuliza mwenyewe."

Alimuuliza kweli, Njombe hospitalini, na yule mama akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wake asogee karibu aitazame. Mzee akasema imetulia kuliko ya Skola. Wakamfanyia jicho moja kwanza. Kesho yake muuguzi akamtoa bendeji, akamwonyesha vidole, akamuuliza anaona vingapi. Mzee Tweve hakuvijali vile vidole. Alikuwa ananitazama mimi.

"Skola," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

"Na wewe jitazame kwanza, mzee."

Wakampa miwani myeusi ya kukinga mwanga na vumbi. Akaigeuzageuza, akamwambia muuguzi pembeni iko wazi, ni kazi ya haraka haraka hiyo, yeye angeweka sponji. Muuguzi akasema atapeleka maoni.

Nikampandisha kwenye gari langu dogo, tukashika njia ya Makambako. Tulipotoka mjini alianza kusoma. Mwanzo nilidhani anazungumza nami. "Mbegu bora za viazi. Fundi pikipiki na baiskeli. Mbao za kila aina. Saluni ya kinamama." Kila bango, kila ubao uliopigiliwa kwenye mti, kila maandishi ya nyuma ya lori, kwa sauti, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Hakuwahi kumwambia mtu ni miaka mingapi alikuwa hajasoma kitu. Nikapunguza mwendo, kisha nikaupunguza tena, ili asipitwe na hata bango moja.

Baada ya muda akageuka.

"Mbona unatambaa?"

"Kuna lori mbele, mzee."

Akainama kuelekea kioo, akatazama barabara kwa makini mpaka mwisho wake.

"Skola, mimi naona," akasema. "Hakuna lori."

Nikacheka, nikaendelea kutambaa.